Poliesta, pamba au TC? Kabla hujakata kitambaa, sema kwanza nani atakifua

Nilishona Tanga miaka sita kabla ya kuhamishia cherehani yangu Njombe, na swali la wateja halijabadilika: "Fundi, kitambaa kizuri ni kipi?" Kilichobadilika ni jibu langu. Shati la sare la poliesta tupu, lile nililokuwa nikiwakataza akina mama wa Ngamiani wasimshonee mtoto, huku Njombe nalishauri mwenyewe. Kule, ikifika mapumziko ya saa nne, shati limeshamganda mtoto mgongoni. Huku, mvua ya Februari ikishika wiki nzima na ukungu ukakataa kupanda, ndilo shati unaloweza kulifua jioni, ukalitundika jikoni, na asubuhi likavaliwa kavu bila harufu ya uvundo.

Ndiyo maana nikilinganisha vitambaa sitangazi mshindi. Namuuliza mteja mambo matatu: nguo itavaliwa wapi, ataifua nani, na nyumbani kwake kuna pasi gani. Hilo la tatu huwachekesha, mpaka siku warudi na sketi yenye alama ya pasi imeyeyukia palepale panapoonekana na kila mtu.

Kwanza majina

Dukani ndiko watu wanakopotelea. Poliesta ni uzi unaotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli. Kwa asili ni ndugu wa damu wa chupa ya maji ya plastiki. Waliouvumbua ni Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, mwaka 1941, ukaja kuuzwa kwa jina la Terylene. Wazee wa rika la baba yangu hadi leo wanasema "suruali ya terilini", na wakilitamka jina hilo unaona wamekumbuka ujana. Baadaye kampuni mbili za Japani, Teijin na Toray, zikautengeneza na kuuita Tetoron. Jina hilo likafika kwetu likiwa tetroni. Kwa hiyo terilini, tetroni na poliesta ni mtu mmoja mwenye majina matatu, na muuzaji anayekuambia tetroni yake "si poliesta" anakuchezea.

TC nayo ni mchanganyiko: T ni hiyo Tetoron, C ni pamba kwa Kiingereza. Mchanganyiko uliozoeleka ni poliesta 65 kwa pamba 35 katika kila mia. Uko wa 80 kwa 20 pia, na jora zote mbili zinaweza kukaa rafu moja zikiitwa TC tu. Uliza.

Halafu kuna viskosi, inayoshonwa madera na kuuzwa kwa jina la "pamba laini". Si pamba. Ni mti uliopondwa, ukayeyushwa kwa kemikali, kisha ukavutwa kuwa nyuzi. Nitairudia mbele, maana imewaliza wengi.

Nusu gramu

Chukua gramu 100 za uzi mkavu wa pamba, uuache kwenye hewa ya kawaida. Utavuta unyevu wa kama gramu 8. Viskosi itavuta zaidi, kama gramu 12. Poliesta haifiki hata nusu gramu. Karibu kila sifa ya poliesta, njema na mbaya, inazaliwa na hiyo nusu gramu.

Haivuti maji, kwa hiyo inakauka upesi. Haivimbi ikiloa, kwa hiyo hairudi. Sketi uliyoipima Januari utaikuta na urefu uleule Desemba, aliyerefuka ni mtoto. Chai ikimwagika haizami ndani ya uzi, ukiwahi inatoka na maji. Lakini jasho nalo linakosa pa kwenda. Linabaki kati ya ngozi na nguo, na katika joto la Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe imeshiba unyevu, unahisi umevaa mfuko. Huku Njombe asubuhi ya Julai hali hiyo haikusumbui, ila kuna jambo jingine: hewa ikiwa baridi na kavu, nguo ya poliesta hushika umeme. Ukiivua inalia, sketi inang'ang'ania soksi, na gizani unaweza kuona vicheche. Havina madhara. Wanangu wanafurahia.

Mteja mmoja kijana alinibishia: mbona jezi za mpira ni poliesta na wachezaji hawalalamiki? Hoja nzuri. Jezi imefumwa kwa vitanzi na kuachiwa vitundu, na nyuzi zake zimetengenezwa ili jasho litambae pembeni mwa uzi hadi nje likakaukie huko. Uzi wenyewe haujanywa kitu, umelipisha njia tu. Shati la sare limebanwa, halina vitundu wala njia. Basi mtu asikuuzie jora la poliesta ya kubana kwa sifa za jezi.

Na jezi hiyohiyo inanuka, tusifichane. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwafanyisha watu 26 mazoezi makali ya baiskeli wakiwa wamevaa fulana, kisha wakazipima fulana hizo. Za poliesta zilinuka kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi zaidi kwenye poliesta. Sababu nyingine anaijua kila anayefua: poliesta inakataa maji lakini inapenda mafuta. Mafuta ya mwili hushika kwenye kikwapa na kola, sabuni ikapita juu yake, nguo ikaonekana safi kambani, halafu ikipata joto la mwili harufu ya wiki jana inaamka.

Beseni

Dawa ya harufu hiyo ni kugeuza nguo ndani nje na kuifua siku ileile, usiiache kwenye tenga mpaka Jumamosi. Maji yawe vuguvugu, maana ya baridi hayaondoi mafuta. Ikiwa imeshakomaa, iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe, isuuze, ndipo uifue kwa sabuni. Siki isikutane na jiki kwenye beseni moja kwa hali yoyote: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu la kwetu halina dirisha la kukuokoa. Yale maji ya kulainisha na kunukisha nguo usiyatie kwenye jezi. Yanaacha utando kwenye uzi, jezi ikapoteza ile kazi ya kupitisha jasho.

Doa la mafuta ya pilau kwenye poliesta linataka haraka. Kabla ya maji, dondoshea sabuni ya kuoshea vyombo, sugua kwa kidole, subiri kidogo, kisha suuza kwa maji ya moto kiasi. Ukilipiga pasi kabla halijatoka, umelitia muhuri.

Sasa kosa ninaloliona zaidi kwenye poliesta: kuikamua ikiwa bado ina maji ya moto. Uzi huu unalainika ukipata joto la kama nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, na ukipoa unashika umbo ulilokuwa nalo. Ukiisokota ikiwa moto, mikunjo unayoitengeneza ni ya kudumu, utaipigia pasi mpaka uchoke. Itoe majini, itundike ikiwa inachuruzika. Itakauka tu, na mara nyingi pasi hutaihitaji.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayoipa poliesta ushindi mahali ambapo pamba haina la kusema: marinda. Sketi ya shule yenye marinda ya poliesta, ukiyabana mara moja kwa joto la kutosha, itafuliwa mwaka mzima na marinda yapo. Ya pamba yanafumuka kila ikiloa. Niliwahi kushona sketi za marinda za pamba kwa familia yenye mabinti watatu, nikijiona nawafanyia hisani. Mama yao alirudi baada ya mwezi, hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, marinda kumi na sita mara watoto watatu, kila Jumapili, pasi ya mkaa. Njoo unisaidie basi." Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuuliza nani anafua.

Pamba inataka mambo yake mengine. Kabla ya kukata, iloweke usiku mmoja, ianike, ndipo upime, kwa sababu kiwandani ilivutwa na ikiona maji inarudi mahali pake. Fundi anayekata kitenge cha pamba kikiwa kikavu kutoka dukani anashona nguo ya mdogo wake mteja. Baada ya hapo haina makuu: maji ya moto inayaweza, kufikichwa inaweza, hata kupigwa jiweni, kwani pamba ni miongoni mwa nyuzi chache zinazozidi nguvu zikiloa.

Viskosi ni kinyume kabisa. Ikiloa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Dera linalomeremeta na kumwagika vizuri mwilini, ukilifikicha na kulikamua kama shuka, linaachia kwenye mshono wa bega au kwapa, nawe unamlaumu fundi. Lifue kwa kulibonyeza, lisuuze, liviringishe kwenye taulo, lianike kivulini. Kama nyumbani kuna msichana wa kazi anayefua nguo zote kwa nguvu moja, viskosi usimpe; na kama hamna mwingine wa kuifua, usiinunue. Kwa joto la pwani, hata hivyo, sijaona kitambaa kinachompendeza mvaaji kama hicho.

TC inafuliwa karibu kama poliesta. Ugonjwa wake ni vile vidonge vidogo vinavyoota kwenye kola na mapajani: vinyweleo vya pamba na poliesta vinachomoka, vinajiviringa, na ule uzi wa poliesta ulivyo mgumu kukatika unavishikilia visidondoke. Kwenye pamba tupu vingeanguka vyenyewe. Vikate kwa wembe kwa uangalifu, nguo ikiwa kavu.

Shati jeupe la TC likianza kuwa la kijivu, watu hukimbilia jiki. Hapo jiki inaila ile pamba, na weusi uliokamatwa na mafuta kwenye poliesta unabaki ulipo. Unaongeza jiki, pamba inazidi kudhoofu, mwisho kola inachanika na weupe haujarudi. Loweka kwa sabuni ya unga na maji ya moto kiasi saa moja, sugua kola kwa sabuni ya mche. Ikishindikana, shati limezeeka.

Pasi

Angalia kibandiko ndani ya nguo ya mtumba, utakuta picha ya pasi yenye nukta. Nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Poliesta kwa kawaida ni nukta moja hadi mbili, pamba ni tatu. Poliesta yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 250 na kitu, lakini usidanganyike na nafasi hiyo: mapema kabla ya hapo inalala na kung'aa. Suruali nyeusi ya poliesta iliyong'aa magotini haiponi, hata kwa siki hata kwa mvuke.

Pasi ya mkaa haina kitufe cha nyuzi. Idondoshee tone la maji kwenye bamba: likiruka na kutoweka papo hapo, ni pasi ya pamba, poliesta isubiri. Kisha tandika kipande cha khanga kuukuu chenye unyevunyevu juu ya nguo, piga juu yake, na nguo iwe imegeuzwa ndani nje. Na cheche za mkaa! Kwenye pamba cheche inaacha doa la kahawia ambalo ukiwahi linasuguka. Kwenye poliesta inatoboa tundu lenye ukingo mgumu, na hakuna kiraka kinachokaa vizuri hapo.

Jikoni na motoni

Hapa sina mizani, nina upande. Anayepika kwa kuni au mkaa asivae poliesta ya kupepea. Pamba ikishika moto inaungua na kuwa majivu, ni hatari yake lakini unaweza kuivuta ukaitupa. Poliesta mara nyingi hujikunyata kuukimbia moto, jambo linaloonekana jema, ila ikiwaka inayeyuka na kuganda kwenye ngozi, na jeraha linakuwa la kina. Msidhani TC ni nafuu: pamba iliyo ndani yake inafanya kazi ya utambi, inaishikilia ile poliesta iliyoyeyuka iendelee kuwaka. Mfanyakazi wa kuchomelea vyuma aliniletea kitambaa cha TC nimshonee ovaroli. Nilimrudisha akatafute pamba nzito. Alinuna, akarudi na hiyo pamba.

Basi nishone nini?

Khanga, bila mjadala, iwe ya pamba. Siku hizi zipo za poliesta, rangi zake kali, bei chini, na zinawanasa watu kwa ulaini. Khanga ya pamba ikitoka dukani imekakamaa kwa wanga, lazima ifuliwe ndipo ilegee. Ya poliesta ni laini tangu siku ya kwanza. Lakini jifunge kiunoni uone inavyoteleza. Mbebe mtoto mgongoni, unashika fundo njia nzima. Mfutie maji, yanasambaa tu. Pindo, mji na maneno yake vyote vipo, khanga haipo.

Kanzu ni habari nyingine. Kanzu nyeupe nyingi zinazovaliwa Oman na nchi za Ghuba zinashonwa kwa vitambaa vya poliesta au mchanganyiko kutoka Japani, kampuni kama Toyobo zikiwemo, na wanaovaa si watu wasioijua raha wala joto. Uzi wake ni mwembamba sana, umesokotwa kwa namna unayoweza kudhani ni pamba, hauonyeshi mwili na haukunjamani mtu akiketi msikitini. Hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali mtu aseme "poliesta mbaya". Kuna ya kushonea kanzu ya harusi na kuna ya kufunikia gunia. Kinachotofautisha ni uzi na ufumaji, hivyo kishike, kipulize kwa mdomo uone kama pumzi inapita, kikunje ngumini kwa dakika moja.

Sare: Tanga, Dar na Mombasa, shati la TC ya 65 kwa 35 na sketi au kaptula ya poliesta. Njombe, Makete, Lushoto, hata shati la poliesta linafaa, ukimvika fulana ya pamba ndani inyonye jasho la kukimbia. Kwa mtoto mwenye ngozi inayowasha na kutoka vipele, hapo ni pamba hata kama utapiga pasi hadi usiku.

Nguo ya shamba: wengi hudhani poliesta kwa kuwa haichakai. Ni kweli haichakai. Ila jembe na jasho vinataka pamba, hata iliyopauka.

Ukiwa na shaka, uchome

Chomoa nyuzi mbili kutoka kwenye ncha ya kitambaa, moja ya ulalo na moja ya wima, kwa sababu kuna vitambaa vilivyo pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine. Ushike kwa kibanio, ufikishe kwenye kiberiti. Poliesta inaukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu usichoweza kukisaga kwa vidole. Subiri kipoe kabla ya kukishika, niliwahi kujisahau. Pamba inawaka kama karatasi, kaa linaendelea kutambaa, majivu ni laini. TC inaacha majivu yenye chembe ngumu ndani.

Viskosi nayo inawaka kama pamba, kwa hiyo kiberiti hakitakusaidia kuijua. Lamba uzi katikati, uvute pande mbili. Ukikatikia palepale palipoloa, bila ubishi, hiyo "pamba laini" ni viskosi. Wauzaji hawapendi kuniona nikifanya hivi.

Jambo moja zaidi, kwa anayeshona gauni la kitenge lenye bitana. Bitana karibu zote ni poliesta, na kitenge ni pamba. Moja itarudi, nyingine haitarudi. Gauni likifuliwa mara ya kwanza, bitana inachungulia chini ya pindo kama shumizi ya bibi. Loweka kitenge, bitana iache ilivyo, na ukishona pindo ifupishe bitana vidole viwili.